Presha ilipanda mimba ya kwanza: zahanati inatosha?

Dada wa Mbagala, hongera. Umesema una wiki 11, mimba ya kwanza presha ilipanda, na shemeji anaona kliniki ya zahanati inatosha, daktari bingwa ni kumaliza hela tu.

Kwa mimba isiyo na historia ningemuunga mkono. Manesi wa zahanati kazi wanaijua. Yako ina historia. Kaanze kliniki wiki hii hii, na kadi ya mimba ile ya kwanza uibebe hata kama imechakaa. Yangu ilikuwa na doa la chai, lakini presha ya 160/110 ilisomeka vizuri. Nesi alipoiona tu, akaandika rufaa. Wewe huenda ukaelekezwa hospitali ya Temeke.

Ukimwona daktari wa wanawake, muulize kuhusu aspirini ya dozi ndogo. Wenye historia kama yetu huanzishiwa mapema, kabla ya wiki 20. Usijinunulie duka la dawa, aamue yeye. Na kila hudhurio upimwe presha na mkojo. Foleni ikiwa ndefu kuna wanaorukwa (mimi nilirukwa mara mbili), kwa hiyo dai, kwa adabu.

Kichwa kikigonga bila kutulia, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, ukisikia maumivu makali chini ya mbavu, damu ikitoka au mtoto akipunguza kucheza, usingoje tarehe ya kliniki. Hata saa nane usiku, nenda hospitali. Nauli ya bajaji itengeni tangu sasa, na shemeji aijue ilipo.