Chumvi nje, ndizi ndani

SWALI: Nasomesha somo la ubongo na tabia kwa wanafunzi wa stashahada ya saikolojia hapa Chake Chake. Wengi hawakuchukua sayansi skuli. Nikifika kwenye sodiamu na potasiamu wananipotea, na vile vifupisho vya Kiingereza wanavikariri tu. Nitumie nini?

JIBU: Mwalimu, vifupisho viweke kando kwanza. Chora Pemba ubaoni, uwaambie seli ya neva ni kisiwa. Pande zote bahari: chumvi, yaani sodiamu. Ndani migomba, na ndizi ina potasiamu nyingi. Chumvi nje, ndizi ndani. Zote mbili zina chaji chanya. Hilo walirudie mpaka liwakae.

Seli ikitulia, ndani huwa hasi, kiasi cha milivolti 70 chini ya nje. Ikisisimuliwa vya kutosha, vilango vya sodiamu kwenye utando wa seli hufunguka, chumvi huingia kwa kasi na ndani hugeuka chanya. Punde vilango hivyo hujifunga, vya potasiamu vikafunguka, ndizi zikatoka na chaji yao, na ndani kukarudi hasi. Ni milisekunde chache tu.

Sasa tahadhari. Wanafunzi wengi, na vitini kadhaa nilivyoviona, husema pampu ya sodiamu na potasiamu, iliyo kwenye utando huohuo, ndiyo iliyorudisha ile hali hasi. Siyo! Ni ndizi zilizotoka. Pampu ni hamali wa bandari ya Mkoani: usiku na mchana, kila safari hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, na ujira wake ni ATP, yaani nishati ya seli. Kazi yake ni kuzuia bahari isijae kisiwani siku hadi siku. Wanasayansi Hodgkin na Huxley, waliotoa maelezo ya vilango hivi mwaka 1952, walitumia neva nene ya ngisi. Na neva hiyo, hata pampu yake ikizimwa kwa sumu, huendelea kupitisha ishara nyingi kabla ya kuchoka. Liweke hilo kwenye mtihani, utamjua aliyekariri.

Majina ya sehemu za ubongo hayana tabu, mengi ni maumbo: amigdala ni lozi, hipokampasi ni farasi wa baharini, kwa Kigiriki. Nunua ubongo wa mbuzi, ugandishe kidogo upate kukatika vizuri, wajitafutie wenyewe.

Kwa vilango, ipo programu ya bure ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, inayoonyesha ioni, yaani chembe zenye chaji kama hizo sodiamu na potasiamu, zikipita kwenye utando. Ipakue mapema, hufanya kazi bila intaneti. Mimi huisimamisha pale sodiamu inapoanza kuingia, nikawauliza: ndizi zi wapi sasa hivi?