Pedi inawaka taa, gemu haiioni

Ndugu yangu wa Wete, umesema pedi yako ya kuchezea gemu inawaka taa ukiichomeka kwenye kompyuta, lakini gemu haiitambui. Anza na waya. Baadhi ya nyaya za bei rahisi pale Darajani ni za kuchajia tu, ndani hazina nyuzi za data. Mimi zilinipotea siku mbili nzima kwa waya kama huo.

Ukishaubadilisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha Enter; litafunguka dirisha lenye orodha ya pedi. Chagua pedi, fungua Properties, ubonyeze vitufe. Vidude vyekundu vikiwaka kwenye skrini, pedi ni nzima, usiitupe! Kilichobaki ni modi, yaani namna pedi inavyozungumza na Windows: kuna XInput, na ya zamani, DirectInput. Gemu nyingi za sasa zinataka XInput. Pedi ikiwa kwenye DirectInput, kwa gemu hizo ni kama haipo. Pedi ya Logitech F310 ina swichi mgongoni, D (DirectInput) na X (XInput): isogeze kwenye X, chomoa, chomeka upya. Nyingine hubadilishwa kwa kushikilia vitufe fulani, tazama karatasi iliyokuja nayo. Gemu kongwe ikigoma, jaribu D.

Na chomeka pedi kwanza, ndiyo ufungue gemu. Baadhi huitafuta pedi mara moja tu, zinapoanza.