Kuuza Peugeot 504 ya Mzee: Karatasi Kwanza, Rangi Baadaye

Tulipokubaliana nyumbani kwamba Peugeot 504 ya Mzee iuzwe, ndugu zangu walidhani kazi imekwisha. Injini imeshafunguliwa na kufungwa upya, kutu imekatwa, rangi inang'aa. Kumbe logbuku, hati ya umiliki wa gari, bado ina jina la marehemu.

Kama gari lako ni la urithi, maliza mirathi kabla hujapiga hata picha moja. Sisi, Waislamu wa Mombasa, tulikwenda Mahakama ya Kadhi. Wengine hupitia mahakama za kawaida. Bila hati ya mahakama inayomtambua msimamizi wa mirathi, NTSA, mamlaka inayosajili magari Kenya, haitahamisha umiliki, na mnunuzi mwenye akili hatatoa arubuni. Kisha andikianeni: nani anauza, bei ya mwisho ni ngapi, fedha zitagawanywa vipi. Akitokea ndugu mmoja akampigia dalali kivyake na kutaja bei yake, mnunuzi atawachezesha nyote.

Linganisha pia namba ya chasi na ya injini na zile zilizoandikwa kwenye logbuku. Hizi 504, nyingi zikiwa zimeunganishwa papa hapa Mombasa, zilifanyishwa kazi ngumu, na si ajabu injini kubadilishwa bila mtu kwenda kuandikisha. Afadhali uligundue wewe kuliko mnunuzi.

Bei, usiitafute kwa kujumlisha risiti. Fedha ya fundi wa bodi hairudi yote, na jasho lako halihesabiwi kabisa. Risiti zitoe kwa sababu nyingine: zinaonyesha kazi gani ilifanywa na lini. Mimi niliziweka faili moja pamoja na picha za gari likiwa limevuliwa hadi bati tupu. Picha hizo ndizo zilizouza gari, si zile za kwenye jua la jioni. Rangi mpya peke yake humtia mjuzi wasiwasi. Anajiuliza chini yake kuna bati au kuna puti ya kuziba mashimo. Hapa Pwani, hewa ya chumvi huanza na sakafu chini ya zulia, vizingiti vya milango na matao ya magurudumu, kwa hiyo hayo ndiyo maeneo ya kupiga picha kwa ukaribu.

Na jambo la Safari Rally, mbio za magari za hapa Kenya. Ni kweli 504 ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Lakini ya kwanza ilikuwa saluni ya milango minne na ya pili coupé ya milango miwili. Yetu ni stesheni wagoni, ya safu tatu za viti, iliyobeba watoto, mbuzi na magunia ya nazi. Ukimwambia mpenzi wa magari ya kale kwamba yako ni "gari la rali", umejimaliza. Mwambie lilivyo: ekseli ngumu nyuma, springi nne za koili, na viti vyote saba bado vipo. Kwa mtu anayelitafuta gari la utotoni mwake, viti vile vya nyuma ndivyo vinavyofungua mkoba.

Watu wa aina hiyo hukutana kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Hata kama hushindani, nenda ukaongee nao, na uulize magari yameuzwa kwa kiasi gani, maana bei ya kwenye tangazo ni matumaini tu.

Mnunuzi akija, usiwashe injini mapema kuipasha moto. Mwache aisikie ikiamka baridi, kabureta na yote. Akitaka kuliendesha, angalia leseni yake, hakikisha bima ingali hai, na ukae naye ndani. Siku ya malipo, usitegemee ujumbe alioupokea au kuuonyesha kwenye simu yake. Fungua akaunti yako mwenyewe uone fedha zimeingia, ndipo uidhinishe uhamisho. Vipuri vya zamani ulivyovitoa, hata kama ni vibovu, mfungashie kwenye boksi. Wetu alivipokea kwa furaha kuliko ufunguo.