Maswali na majibu: Diski haisomeki, je, kosa ni la diski au la kadi?

Barua zilizochaguliwa safari hii zimetoka kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi ambao bado wanatunza kompyuta za miaka ya 1980, na karibu zote zinahusu kadi inayodhibiti diski kuu. Katika mashine hizo diski na kadi yake ni vitu viwili vinavyotegemeana sana, na diski nyingi nzima hutupwa kwa kosa lililofanywa na kadi.

Mwalimu mstaafu, Mikindani: Ninayo IBM PC XT niliyoachiwa kazini. Nikiiwasha huhesabu kumbukumbu, hukaa kimya kwa muda, huandika 1701, kisha huingia katika lugha ya programu ya BASIC. Fundi mmoja amesema diski imekufa. Ndani yake mna orodha za wanafunzi wangu na barua za miaka mingi. Nifanyeje?

Shikamoo mwalimu. Kwanza nakuomba usitupe kitu chochote, wala usimruhusu mtu yeyote aifomati diski hiyo, yaani aipange upya na kufuta yaliyomo. Namba 1701 haimaanishi kwamba diski imekufa. Inamaanisha tu kwamba kadi imejaribu kuwasiliana na diski na haikupata jibu ililolitarajia. Isitoshe, katika XT namba hiyo huandikwa na programu iliyomo kwenye romu (chipu yenye programu ya kudumu) ya kadi yenyewe, wala haitoki kwenye ubao mkuu. Kwa hiyo, kule kuiona tu ni dalili njema, kwa kuwa inathibitisha kwamba kadi imekaa katika sloti yake, romu yake inasomeka, na sehemu fulani ya kadi ingali hai.

Anza na umeme. Chukua multimita na upime plagi yenye nyaya nne inayoingia kwenye diski wakati mashine imewashwa: kati ya waya mweusi na mwekundu upate volti 5, na kati ya mweusi na wa manjano upate volti 12. Tofauti ya asilimia 5 juu au chini inavumilika. Volti 12 zikishuka chini ya 11.4, mota ya diski huenda isifikie mwendo wake wa mizunguko 3,600 kwa dakika, na kadi italalamika hata kama yenyewe haina kasoro. Kisha usikilize. Diski ya aina hiyo huanza kuzunguka kwa umeme peke yake bila kusubiri amri ya kadi, kwa hiyo ukimya mtupu, ikiwa umeme upo, unaelekeza lawama kwenye diski. Ikizunguka vizuri na sauti ikatulia, lakini taa yake isiwake hata kidogo wakati kadi inapoitafuta, shuku kadi, kebo au jampa (kibanio kidogo cha kuunganisha pini) ya kuchagulia diski.

Hapo kwenye kebo ndipo ninapoomba uvumilivu wako, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Diski hiyo ina kebo mbili: moja ya nyaya 34 inayobeba amri, na nyingine ya nyaya 20 inayobeba data. Ile ya nyaya 34 inafanana kabisa na kebo ya disketi, na tofauti iko mahali pa msokoto tu: katika kebo ya diski kuu husokotwa nyaya za 25 hadi 29, na katika kebo ya disketi husokotwa nyaya za 10 hadi 16. Mashine ikishafunguliwa mara moja na kufungwa upya na mtu asiyejua jambo hili, kebo hubadilishana mahali na diski nzima huonekana mfu. Hesabu nyaya hizo ukianzia upande wenye waya wenye rangi, ambao ndio namba moja, na uhakikishe kwamba upande huo umeelekea pini namba moja kwenye kadi na kwenye diski pia. Usichomeke wala kuchomoa kebo yoyote mashine ikiwa imewashwa. Chipu ndogo zinazopeleka na kupokea data, ambazo mara nyingi ni 26LS31 na 26LS32, huweza kuungua kwa kosa hilo. Uzuri wake ni kwamba ni za bei nafuu, na fundi redio mwenye mkono mtulivu anaweza kuzibadilisha.

Haya yote yakiwa sawa na 1701 ikaendelea, tafuta kadi nyingine ya aina ileile, yenye chapa na toleo lilelile, uijaribu. Sababu ya kusisitiza aina ileile utaiona katika jibu la msomaji wa Lindi hapa chini.

Mkulima wa korosho, Newala: Mashine yangu haiandiki namba yoyote ya kosa. Inafanya kana kwamba haina diski kabisa. Nikichomoa kadi na kuirudisha hufanya kazi siku moja au mbili, kisha hurudia.

Umejijibu nusu ya swali. Kadi inayopona kwa kuchomolewa na kurudishwa ina tatizo la mguso kwenye meno yake, yaani ule ukingo unaoingia ndani ya sloti. Kwetu kusini tatizo hili lina chanzo ambacho vitabu vya kompyuta havikitaji, nacho ni salfa ya unga inayopuliziwa mikorosho dhidi ya ubwiri unga. Vumbi la salfa hupenya hadi ndani ya nyumba, na likikutana na unyevu huishambulia shaba na fedha na kuacha tabaka jeusi lisilopitisha umeme vizuri. Walio karibu na bahari wana chumvi ya hewani ya kupambana nayo, ninyi wa uwandani mna salfa.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, toa kadi, na usugue meno yake polepole kwa raba laini ya penseli, kisha uyafute kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoweshwa spiriti safi. Usitumie msasa hata kidogo, kwa kuwa dhahabu iliyopakwa juu ya meno hayo ni nyembamba mno na ikishaondoka hairudi. Vilevile zibonyeze kwa upole chipu zote zilizokaa katika soketi, hasa romu, maana miguu yake nayo hushikwa na kutu hiyohiyo. Msimu wa kupulizia ukifika, ifunike mashine kwa nailoni ikiwa imezimwa, na ufunue kabla ya kuiwasha.

Ukitaka uhakika kwamba romu inasomeka, washa mashine kwa disketi ya DOS, fungua programu ya DEBUG na uandike D C800:0. Jozi mbili za kwanza za tarakimu zikiwa 55 na AA, ubao mkuu unaiona romu ya kadi. Ukiona FF mfululizo, haionekani mahali hapo. Nayo maandishi ya C8000 ROM yakitokea wakati wa kuwasha XT, romu inaonekana lakini maudhui yake yameharibika.

Msomaji, Lindi mjini: Nilipata kadi nyingine ya diski, ya kampuni tofauti na ya kwanza. Diski inazunguka na taa inawaka, lakini kompyuta inasema haiwezi kusoma. Muuzaji ananishauri niifomati upya. Je, data zangu zimepotea?

Hazijapotea, na tafadhali sana usifuate ushauri huo. Katika diski za kizazi hiki, kizazi kilichoanza na diski ya ST-506 ya mwaka 1980, diski yenyewe haijui lolote kuhusu mafaili wala sekta, yaani vipande ambamo data hugawanywa. Inarekodi tu mabadiliko ya sumaku, na kadi ndiyo inayoamua kila sekta ianzie wapi, kichwa chake kiandikweje, na makosa yakaguliwe kwa hesabu ipi. Kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake. MFM na RLL ni njia mbili za kuandika data: kadi za MFM huweka sekta 17 katika kila mzunguko na za RLL huweka 26, lakini hata kadi mbili za MFM za kampuni tofauti kwa kawaida hazisomani. Kadi yako ya zamani ni ufunguo wa kufuli hiyo moja. Ukiifomati diski kwa kadi mpya, itasomeka vizuri sana, na hakutakuwa na chako hata kimoja ndani yake.

Kwa hiyo itengeneze kadi ya kwanza au utafute pacha wake, kisha ukipata tu kuingia, nakili kila kitu kwenye disketi au kupitia mlango wa siriali kwenda kompyuta nyingine kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Pacha asipopatikana kabisa, bado ipo njia moja: David Gesswein wa Marekani amebuni ubao unaounganishwa na kompyuta ndogo ya BeagleBone, ambao husoma mabadiliko ya sumaku moja kwa moja na kuyafasiri kwa mipangilio ya kadi nyingi tofauti bila kuhitaji kadi yenyewe. Kuupata huku kwetu kunahitaji kuagiza na kusubiri. Nawashauri wenye diski zenye kumbukumbu za ushirika au za shule wachangishane waupate mmoja, kwa kuwa unaweza kuhudumia mkoa mzima.

Baada ya data kuwa salama, sina kinyongo na mtu anayeweka kadi ya kisasa ya XT-IDE na kumbukumbu ndogo ya CompactFlash mahali pa diski ili mashine itumike kila siku. Ila diski ya asili na kadi yake vihifadhiwe pamoja, vikiwa vimefungwa pamoja na kuandikwa jina.

Mwanafunzi, Masasi: Shikamoo. Babu ametupatia kompyuta ya aina ya AT, ile iliyofuata XT. Inaandika 161 na 162, na diski haionekani. Nimesoma kwamba kadi imeungua.

Marahaba mwanangu. Kadi haijaungua, au walau hujapata ushahidi wa hilo. Namba 161 inahusu betri iliyokwisha, na 162 inahusu mpangilio uliosahaulika kwa sababu ya betri hiyo. AT huhifadhi aina ya diski katika kumbukumbu ndogo inayolishwa na betri, na ikisahau, haijui tena kwamba ina diski. Soma lebo iliyo juu ya diski. Ikiwa ni ST-225, kwa mfano, ina silinda 615 na vichwa 4, nayo huandikwa kama aina ya 2 katika programu ya mpangilio. Kama betri imelehemiwa kwenye ubao na imevuja maji ya kijani, iondolewe leo, si kesho, na pale ilipovujia pasafishwe kwa siki kidogo, kisha kwa spiriti.

Msomaji, Nachingwea: Kadi ikiwa ndani, mashine haiwaki. Feni inashtuka na kusimama. Nikiitoa, inawaka.

Kuna shoti kwenye kadi, na pawa saplai inajilinda. Mara nyingi mkosaji ni kapasita ya tantalamu, ile ndogo yenye umbo la tone, rangi ya manjano, bluu au kahawia. Kadi ikiwa nje, tumia multimita kupima ukinzani kwenye upande B wa meno yake: kati ya B1 ambayo ni ardhi na B3 ya volti 5, kisha kati ya B1 na B9 ya volti 12. Penye ukinzani wa karibu sifuri ndipo penye ugonjwa. Weka kapasita ya uwezo uleule lakini ya volti kubwa zaidi, kama 25 au 35 mahali pa 16, na uzingatie sana upande wa chanya, kwa sababu tantalamu ikigeuzwa huwaka moto. Vaa miwani unapoiwasha mara ya kwanza.

Msomaji, Shangani, Mtwara: Nina kompyuta ya Amiga 500 yenye A590, yaani kifaa cha nje chenye diski kuu na kidhibiti chake. Diski haisikiki kabisa. Kidhibiti kimekufa?

Hakikisha kwanza kwamba A590 inapata umeme, kwa kuwa ina pawa saplai yake ya pekee. Ikiwa upo, diski yake ya ndani ya megabaiti 20 huenda imenata. Mafundi huitoa, huigeuza kwa mtikiso mfupi wa mviringo, na mara nyingine huzunguka tena. Kidhibiti chenyewe kinajaribiwa kwa njia rahisi: nyuma kuna mlango wa SCSI (aina nyingine ya kuunganisha diski) wa pini 25, na diski ya SCSI ikichomekwa hapo na kusomeka, kidhibiti ni kizima. Kumbuka pia kwamba Amiga ambayo romu yake ina programu ya kuanzishia ya Kickstart 1.2 haiwezi kujiwasha kutoka kwenye A590. Inahitaji 1.3 au zaidi.