Hiyo si fangasi, ni blanketi linamnyoa farasi wako

Baridi ikianza tu WhatsApp yangu inajaa picha za mabega ya farasi. Ni picha ileile kila mwaka, mbele ya bega manyoya yameisha kana kwamba mtu amepitisha wembe, ngozi ya kijivu inaonekana, na chini yake swali, "kaka huyu ana fangasi ama nini?" Wengine washanunua dawa na wamepaka wiki mbili nzima.

Kabla hujapaka kitu angalia hivi. Fangasi hutokea popote, mgongoni, shingoni, usoni, inakuja na viduara vyenye magamba na ikikaa inaruka kwa farasi wa banda la pili. Blanketi lina tabia yake, linanyoa pande zote mbili, kushoto na kulia, mahali palepale, na ukipitisha kidole unasikia vinywele vifupi vimekatika kama ndevu za juzi. Halafu geuza blanketi uangalie bitana yake hapo mbele. Ukikuta manyoya yamejikusanya sehemu moja kama sufi, basi mwizi umemkamata na mzigo mkononi.

Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, miaka 14 sasa, zaidi upande wa Limuru. Wale wanaosema farasi wa Kenya havai blanketi waje walale huku Julai, usiku joto linashuka chini ya digrii 10, ukungu haupandi mpaka saa nne asubuhi na mvua ile nyembamba isiyoisha. Farasi mzima mwenye manyoya yake kamili, hei (nyasi kavu) ya kutosha na mahali pa kujikinga mvua hahitaji blanketi, hilo niseme mapema, maana tumbo lake likisaga nyasi ya boma rhodes usiku kucha linampa moto wake mwenyewe. Lakini aliyenyolewa kwa sababu ya kazi, mzee, ama aliyekonda, huyo mvishe.

Aliyenifundisha hii somo ni farasi jike mmoja mwekundu tuliyemwita Tangawizi, amestaafu mbio, kifua kipana kuliko kawaida ya hawa wa mbio. Alikuja na blanketi lake la futi 6 na inchi 3. Baada ya kama wiki tatu nikaona manyoya ya bega yamelala, yanang'aa kama suruali iliyopigwa pasi miaka mingi, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza kabisa, ukiiona hapo bado hujachelewa. Mimi nilichelewa. Nikajiambia blanketi linabana, nikamshawishi mama mwenye farasi tununue kubwa zaidi, tukapata la futi 6 na inchi 6, la mkono wa pili lakini safi kabisa, nikamvisha huku najiona daktari. Siku kumi hazikuisha, mabega yote mawili yako wazi na la kushoto limeanza kutoa maji. Mama hakunigombeza, alinyamaza tu, na heri angenigombeza.

Kumbe blanketi kubwa linateleza nyuma. Lilitakiwa kukaa mbele ya nundu ya mabega, pale juu singa za shingoni zinapoishia, lakini likishakuwa pana shingoni linarudi nyuma kidogo kidogo usiku mzima, na likirudi, ule upindo wa mbele unavutwa na kung'ang'ania ncha za mabega, uzito wote unaning'inia hapo. Wamama wa huku wanaobeba kuni kwa mkanda kichwani wanaijua hii, mzigo uko mgongoni lakini alama inabaki kwenye paji. Sasa ongeza kwamba bega la farasi halitulii, kila hatua linaenda mbele na kurudi, na farasi anayekula chini anatembea hatua moja moja saa nyingi akiwa ameinamisha shingo. Hata kitambaa laini kikisugua hivyo wiki tatu kitanyoa. Punda wa mikokoteni pale sokoni wana kovu hapo hapo, tofauti ni kwamba hao hakuna anayewapiga picha kuniuliza.

Kwa hivyo siku hizi sitegemei namba iliyoandikwa kwenye blanketi. Na hizo namba zenyewe zinachanganya, kwa sababu mengi yanaingia nchini kwenye masanduku ya watu, ya Uingereza yanaandikwa futi na inchi, ya Marekani inchi tupu, yote yanapimwa kuanzia katikati ya kifua kupita kwenye bega lilipo pana mpaka mwisho wa paja nyuma, so futi 6 na inchi 3 ndiyo hiyo hiyo 75 ya Mmarekani. Ya Ulaya bara mengi yanapimwa mgongo peke yake kwa sentimita, kutoka nundu mpaka shina la mkia, ukiona 145 usidhani ni la ndovu, ni kama futi 6 na inchi 6. Tumia futi kamba ya fundi cherehani, ile ngumu ya mjenzi haipindi na inamtisha farasi.

Lakini urefu ni nusu tu ya hadithi. Farasi wawili wote inchi 75, mmoja kifua chembamba kama mlango wa choo cha nje, mwingine kama Tangawizi, hawavai blanketi la shingo moja. Mimi nikishavisha na kufunga naingiza kiganja kimelala bapa chini ya upindo, naanzia juu kwenye nundu nashuka bega lote mpaka kifuani. Mkono upite bila kulazimisha. Ukikwama kwenye ncha ya bega, hapo ndipo patanyolewa. Ukipita ngumi na kiwiko na bado kuna nafasi, ni kubwa, rudisha dukani. Halafu, na hii ndiyo watu wanaruka, weka ndoo chini na chakula kidogo, ainame, upime tena hivyo hivyo akiwa anakula. Blanketi la kwanza la Tangawizi akiwa amesimama lilikuwa sawa kabisa, akiinama lilikaza mpaka mkono wangu haukutoka.

Bizimu za kifuani usikaze kama mkanda wa suruali. Akiinama bado upana wa kiganja ubaki. Ila usilegeze sana pia maana tunarudi kwenye kuteleza. Mikanda ya tumboni ipishane na ibaki nafasi ya kiganja kati yake na tumbo, ikilegea sana blanketi linazunguka upande mmoja, na hapo utaona bega moja tu limenyolewa ukashangaa.

Suluhisho la Tangawizi lilikuwa kurudi saizi yake ile ya futi 6 na inchi 3 lakini la mshono tofauti, lenye kipande cha pembetatu kilichoongezwa hapo begani ili kifunguke akipiga hatua, na shingo iliyokatwa juu zaidi. Kama huna pesa ya jipya, fundi anaweza kukuongezea hicho kipande, nimefanya mara mbili, mweleze tu asiache mshono mnene ndani maana mshono nao ni msumeno.

Kuhusu bitana. Pamba na zile za manyoya manyoya zinashika nywele, za kuteleza ni bora. Nilienda soko la mitumba la Gikomba nikachagua nguo ya kulalia ya satini, kubwa, rangi ya zambarau, nikapewa kwa bei ya kutupa pamoja na maneno mengi ya yule mama muuzaji aliyetaka kujua namnunulia nani, nikamwambia farasi, akacheka mpaka akaita jirani. Tukaikata, tukashonea ndani ya blanketi kuanzia nundu mpaka kifuani pande zote mbili. Inafanya kazi vizuri sana. Inararuka baada ya msimu mmoja, unarudi Gikomba.

Zile vesti za kubana zinazovaliwa chini ya blanketi zinasaidia, sikatai, lakini kwangu ni plasta. Ukivisha vesti juu yake blanketi baya, utakuwa umeficha tatizo, na vesti yenyewe ikipata jasho na vumbi inaanza kusugua kwapani. Rekebisha shingo ya blanketi kwanza, vesti iwe ya yule mwenye ngozi laini kupita kiasi. Spreyi ya kulainisha singa ukiipuliza begani nayo inapunguza msuguano, ila isifike mgongoni, tandiko litateleza na wewe juu yake. Vaselini usipake, inakusanya uchafu unakuwa msasa.

Usafi sasa, sitasema mengi. Jasho likikauka linaacha chumvi na bitana inakuwa ngumu kama karatasi, kwa hivyo piga brashi farasi kabla ya kumvisha, piga brashi bitana, ukifua suuza mpaka povu liishe. Na blanketi livuliwe kila siku, kila siku, hata Jumapili. Nimeona farasi aliyekaa na blanketi siku tano mfululizo kwa sababu saisi alienda mazishi na mwenye farasi alikuwa anachungulia mlangoni tu anasema yuko sawa.

Kama ngozi ishafunguka, acha kabisa kuvisha mpaka ifunge, mpe hei zaidi na umlaze mahali pakavu pasipo upepo. Osha na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Ikivimba ama kutoa usaha, ita daktari wa mifugo.

Manyoya ya Tangawizi yalichukua miezi kurudi. Bega la kushoto, pale palipotoa maji, yalirudi meupe, kidoa kama sarafu ya shilingi 20, na wageni huwa wanauliza kama alizaliwa nacho. Lile blanketi la futi 6 na inchi 6 nalo lilipata mwenyewe, farasi mmoja mkubwa wa jirani, linamkaa kama aliagiziwa. Tulimuuzia nusu bei.