Kabla ya Kuotesha Mti, Tazama Nguzo ya Umeme Iko Wapi

Ninaotesha na kuuza miche hapa Tanga, na swali la kwanza ninalomuuliza mteja ni nguzo ya umeme imesimama upande gani wa nyumba yake. Wengine hushangaa, kwa kuwa mche wa mwembe ulio ndani ya kiriba haufiki hata kiunoni, na nyaya ziko juu kabisa. Lakini mwembe wa mbegu, ukipata udongo mzuri na mvua za masika na za vuli, huvuka mita 15, na matawi yake hutanuka sana pande zote. Mwarobaini na mjohoro hukimbilia juu kwa kasi zaidi. Ndiyo maana huwa nasema, "Mama, huu mwembe upeleke nyuma, upande wa kisima," hata kama yeye alitaka kivuli barazani.

Nyaya za msongo wa kati zinazopita mitaani, za volti 11,000 na 33,000, kwa kawaida hazina gamba la kuzuia umeme. Kinachozuia ni hewa inayozizunguka na vikombe vilivyozishika kwenye nguzo. Tawi bichi lina maji, na likilowa mvua hupitisha umeme vizuri zaidi. Likigusa waya, umeme huweza kushuka kwenye shina hadi ardhini, na pengine unaopita ni mdogo kiasi kwamba fyuzi haikatiki, mti ukawa na umeme bila mtu yeyote kujua. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko giza la nyumba moja moja, kwa sababu watoto hucheza chini ya miti hiyo. Tena, waya hurefuka kwa joto na kulegea, kwa hiyo nafasi unayoiona asubuhi siyo itakayokuwapo saa nane mchana wa Februari, na msimu wa kusi matawi huyumba kwa upana ambao siku tulivu hauonekani.

Tatizo kubwa ninaloliona ni namna ya kukata. Watu husubiri mpaka mti umefika kwenye nyaya, kisha hukodi vibarua wanaokata kilele chote kwa mkupuo mmoja. Niliwahi kuitwa Chumbageni kuutazama mwembe uliokatwa hivyo. Pembeni mwa kila kisiki cha tawi palikuwa pamechomoza fungu la machipukizi marefu, membamba, yanayoelekea juu moja kwa moja, na katikati ya kisiki mbao ilikuwa imeanza kuwa nyeusi na laini. Nilivuta chipukizi moja kwa mkono, likabanduka pamoja na kipande cha gome. Machipukizi ya namna hiyo huota karibu na gome tu, hayajajishikiza ndani ya mti, na hukua haraka kuliko tawi lililoondolewa; mwenye nyumba alikuwa amelipa fedha ili mti urudi kwenye nyaya ukiwa dhaifu kuliko mwanzo.

Njia inayofaa ni kuuelekeza mti tangu ukiwa mdogo. Tawi linaloelekea kwenye nyaya likatwe pale linapoungana na tawi jingine linaloelekea kwingine, na hilo linalobaki liwe na unene usiopungua theluthi ya lile linaloondolewa, ili liweze kushika nafasi yake. Msumeno upite nje kidogo ya uvimbe ulio kwenye kitako cha tawi, kwa sababu hapo ndipo jeraha huzibika. Tawi zito lianze kukatwa kwa chini, kisha kwa juu mbele kidogo ya hapo, ndipo kisiki kilichobaki kiondolewe. Bila hivyo tawi huanguka likichuna gome la shina. Kwa mwembe, kazi hii ifanyike mavuno yakiisha, kabla ya masika, kwa kuwa maua hutoka kwenye vichipukizi vilivyokwisha komaa, na ukichelewa utakosa embe za msimu unaofuata.

Mnazi haupogolewi. Una kitovu kimoja tu cha kukulia, kileleni, na ukikikata mti unakufa. Kuti lake lenye urefu wa mita kadhaa hudondoka lenyewe na linaweza kulala juu ya nyaya mbili kwa pamoja. Najua ninachomwambia mtu wa Tanga ninapomshauri asioteshe mnazi karibu na nyaya, au auondoe uliopo, maana nazi ndiyo mchuzi wetu na makuti ndiyo mapaa ya wengi; hata hivyo sina ushauri mwingine. Chini ya nyaya za mitaani otesha mdimu, mkomamanga, mpera unaopogolewa kila mwaka, au asumini. Mimea itambaayo usiiache ipande nguzo wala ule waya wa mshazari unaoishikilia.

Tawi likishakuwa ndani ya mita tatu kutoka kwenye waya, si kazi yako tena, wala ya mkwezi, hata awe hodari namna gani. Upembo mbichi wa kuangulia embe nao hupitisha umeme. Peleka taarifa ofisi ya TANESCO ya eneo lako, utaje mtaa, aina ya mti na namba iliyoandikwa kwenye nguzo kama ipo, ili mafundi wakate umeme kwanza ndipo wakate tawi. Mti ukiwa wa barabarani, mwarifu pia mwenyekiti wa mtaa kabla ya kuugusa. Tawi likiwa limekwisha kuangusha waya, kaa mbali angalau mita 10, wazuie watoto na majirani, na usimruhusu mtu yeyote kuuvuta kwa kijiti, hata kama taa za mtaa mzima zimezimika.