Asilimia 10 ya dharura kwa ghorofa 20: inatosha?

Mkuu, umeuliza kama kutenga asilimia 10 ya gharama za ujenzi iwe fungu la dharura kunatosha kwa jengo la ghorofa 20. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na kabla sijakujibu nakuuliza: michoro imekamilika? Udongo umepimwa kiasi gani? Jengo lililoandaliwa vizuri linaweza kumalizika kwa asilimia 5 na chenji ikabaki. Lile ambalo mwenye mali bado anabadilisha idadi ya maegesho, hata 15 itakwisha mkiwa bado shimoni.

Nikupe lililonipata. Tulikuwa na jengo la ghorofa 18, na nyingine mbili chini ya ardhi. Ili kubana matumizi, yalitobolewa mashimo matatu tu ya kupima udongo, yote upande mmoja wa kiwanja, maana upande wa pili kulikuwa na nyumba kuukuu haijabomolewa. Ripoti ikaja safi. Tulipochimba upande wa pili tukakutana na maji na udongo laini. Pampu zikanguruma usiku na mchana, nguzo za msingi zikabidi zishuke chini zaidi, michoro ikarudi kwa mhandisi.

Maji nilikuwa nimeyawekea fungu. Nilichosahau ni muda. Kazi ilisimama karibu miezi mitatu, na kreni ilikuwa imeshasimikwa: inalipiwa kwa mwezi, inyanyue isinyanyue. Walinzi, ofisi ya saiti, bima, mishahara ya mafundi wakuu, riba ya benki, vyote vilikuwa vinatembea. Nilipokaa kupiga hesabu, ile miezi ilikuwa imekula hela kuliko maji yenyewe.

Tangu hapo sianzi na asilimia. Natafuta kwanza saiti ikilala mwezi mmoja inakula shilingi ngapi, halafu nazidisha kwa miezi ambayo kwa uzoefu wangu tunaweza kuchelewa. Ndipo naongeza ya udongo, ya bei ya nondo kupanda, na ya upepo. Upepo watu huudharau, lakini ukivuka kiwango kilichowekwa kreni haifanyi kazi, na huko juu huwa mkali kuliko unavyousikia ukiwa chini. Halafu kuna foleni ya lifti ya mafundi kila asubuhi, ambayo sijawahi kuiona kwenye makadirio ya mtu yeyote!

Jingine ni zege. Majibu ya vipande vya kupimia nguvu hutoka siku ya 28 baada ya kumwaga. Ukimwaga ghorofa moja kwa wiki, jibu baya linakukuta umeshapanda nne juu yake. Kukata sampuli, kuimarisha nguzo, au kubomoa kabisa, yote hayo yana bei, hata kama mwishowe atalipa mkandarasi. Kipimo cha siku ya 7 hukupa fununu mapema, kwa hiyo usikiruke.

Na usidhani wakubwa hawakosei kwenye msingi. Millennium Tower ya San Francisco, ghorofa 58, ilikamilika mwaka 2009. Kufikia 2016 ilikuwa imezama takriban sentimita 40 na kuinama, kwa kuwa nguzo zake za msingi ziliishia kwenye mchanga bila kufika kwenye mwamba. Ilibidi zichimbwe mpya hadi mwambani huku watu wakiishi humo humo.

Mwisho, fungu la dharura lisichanganywe na fungu la mabadiliko ya mwenye mali. Akitaka marumaru nyingine au ukuta usogezwe, hiyo si dharura, hayo ni matakwa yake, yawe na mfuko wake na saini yake. Tuliwahi kuchanganya, na tulipofika kwenye paa tukakuta dharura yote imeishia kwenye mapambo ya ukumbi wa mapokezi.

Ukipata nafasi rudi utuambie mashimo mangapi yametobolewa na yako sehemu gani za kiwanja, na mkataba unasemaje bei ya nondo ikipanda. Hapo tutaongea namba.